Mdomo wa Elwood

Kwa mambo mengi Lovina Dreibelbis hakuwa mtu wa kujisifu, lakini kwa chokoleti alikuwa na kiburi, na kiburi chenyewe kilikuwa na haki. Kila Desemba, katika nyumba yake ya matofali nyuma ya kanisa la Kilutheri, alichovya pretzeli, vile vikate vikavu vya chumvi vilivyofungwa fundo ambavyo watu wa upande ule wa Pennsylvania huvitafuna tangu hawajaota meno. Wengine walichovya pia, Mungu awabariki. Za kwao zilikuwa tamu. Za Lovina zilikuwa tamu, zikang'aa, na ukiivunja moja ililia ta! hadi chumba cha pili.

Siri ilikuwa mdomoni. Aliyeyusha chokoleti katika bakuli juu ya sufuria ya maji moto, akaiepua, akaikoroga polepole ipoe, kisha akagusisha tone chini ya mdomo wake wa chini. Akisikia moto, alingoja. Akisikia baridi, ameshachelewa. Lakini kuna kitambo kidogo hapo katikati ambapo hasikii moto wala baridi, utadhani hakuna kilichomgusa, na hapo ndipo anachovya. Mama yake alifanya vivyo hivyo. Pamoja na kuizoea kazi, Lovina hakuacha kustaajabu kwamba kitu kinaweza kuwepo pale mdomoni na mtu asikisikie.

Mwezi wa Oktoba alipata kiharusi kidogo. Mkono ulirudi, ulimi ukarudi, lakini uso ulibaki umeelemea upande, na mdomo wa chini ukafa ganzi kabisa. Sasa chokoleti yoyote, hata ya kuunguza, mdomo ule uliiona iko tayari.

Tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani. Alijiwekea ahadi bila kumwambia mtu: mkesha wa Krismasi, pretzeli zikitoka kama zilivyozoea kutoka, ataingia nazo mwenyewe kwenye chakula cha mkesha katika ukumbi wa kanisa, watu watazame sahani, si uso. Zikiharibika, atakaa nyumbani, na huenda asitoke tena.

Asubuhi ya mkesha alikuja wifi yake Erma, dada wa mumewe Elwood, na chupa ya mayai ya siki yaliyokolea wekundu wa bitiruti.

"Wifi, hujachovya mpaka leo? Watu wanauliza."

"Wanauliza pretzeli au wanauliza uso?"

"Vyote viwili," alisema Erma, ambaye hajawahi kumficha mtu kitu. "Si ununue kipimajoto, yaishe?"

"Nipime nini, homa?"

"Haya, baki na kiburi chako. Mezani nimekuachia nafasi palepale pa siku zote, na sitaki kupaona patupu." Akaondoka na mlango ukajibamiza.

Lovina alisimama mbele ya jiko akiwa na uchungu. Kisha akamwita mumewe.

"Elwood! Njoo huku. Nawa mikono, ukaushe sawasawa. Tone moja la maji likiingia humu, chokoleti inaganda mabonge, tumekwisha."

Elwood alitokeza kichwa. Alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha pretzeli, maisha yake yote kwenye tanuri, lakini jiko la mkewe wakati wa kuchovya hakuwahi kulisogelea. "Mimi? Niingie humo?"

"Nataka mdomo wako. Na usiongee nao."

Akainua uso kama anayenyolewa. Lovina akampaka tone chini ya mdomo. "Unasikiaje?"

"Si mbaya," alisema Elwood.

Hapo inabidi mtu awajue wale watu. Kwao "si mbaya" ndiyo sifa ya mwisho, zaidi ya hapo ni kujionyesha. Na Elwood aliitumia kwa kila kitu. Alimwona Lovina katika gauni la arusi akasema si mbaya. Alipewa supu iliyozidi chumvi akasema si mbaya. Oktoba, Lovina alipokishika kioo hospitalini na kumgeukia, alisema hivyohivyo, na tangu hapo Lovina hakujua uso wake umekaaje, kwa sababu kioo alikiogopa na mume hakusaidia.

Basi akachovya. Trei ya kwanza ilipopoa, chokoleti ilikuwa imefubaa, ina michirizi ya kijivu, na ukiishika inabaki vidoleni. Lovina akakaa kitini na aproni yake.

"Ilikuwa ya moto, sivyo?"

"Kidogo."

"Kidogo vipi?"

"Iliniunguza."

"Sasa mbona hukusema, mwanamume wewe?"

"Ulikuwa unaniangalia kwa tumaini. Nikaona nisikuvunje moyo."

"Elwood Dreibelbis! Nani kakuomba moyo? Nimeomba mdomo!"

Alisema kwa hasira, lakini machozi yalikuwa yanamtoka, na Elwood aliyaona. Akavuta kiti, akakaa mbele yake, akainua uso tena.

Waliyeyusha upya. "Moto," alisema Elwood. Lovina akakoroga. "Bado moto." Akakoroga tena. "Vuguvugu." Akakoroga hadi bega likalalamika, akapaka tone jingine, akangoja. Elwood alikuwa amefumba macho.

"Umelala?"

"Lovina, mbona hupaki?"

"Nimeshapaka."

Elwood akajigusa, kidole kikarudi cha kahawia. Akakikodolea macho. "Ipo," alinong'ona. "Ipo na siisikii! Siku zote hizi unafanya hivi, na hukuniambia?"

"Hukuuliza. Nipe uma, haraka."

Wakachovya wote wawili, wakapeleka trei kwenye baraza ya nyuma yenye baridi, wakasimama na makoti mabegani wakitazama. Chokoleti ilikuwa bado mbichi, ikafifia kidogo pembeni, kisha, bila mkono wa mtu, ikaanza kushika na kung'aa fundo kwa fundo. Elwood alizila tangu ujana wake na hakuwahi kuziona zikizaliwa. Alivua kofia. Lovina alimwona akivua kofia barazani kwake mwenyewe, na hakumcheka.

Akachukua moja, akaivunja. Ta!

"Si..." Elwood alianza, akanyamaza. "Ni nzuri, Lovina. Ni nzuri mpaka naogopa."

Lovina hakuwahi kumsikia akisema hivyo. Aliweka vipande chini, akamgeukia na uso mzima, mwanga wa theluji ukimpiga.

"Na huu?"

Elwood alimtazama kwa muda mrefu, macho wazi safari hii.

"Umepinda," alisema. "Upande wa kushoto. Ukicheka ndiyo zaidi."

Lovina alingoja maumivu. Hayakuja. Kilichokuwa kikimla miezi hii kilikuwa kutojua, na sasa alijua, na aliyemwambia alikuwa bado amesimama palepale, anamtazama bila kuchoka.

"Basi niletee viatu," alisema. "Sahani nabeba mimi. Na jifute hapo chini ya mdomo, Erma asije akadhani tumetoka kubusiana."

Elwood alileta viatu. Hakujifuta.