Mazishi ya Udongo wa Kijani

Bungu nzima ilijua kwamba Semeni binti Bushiri hagombani na mtu kabla ya chai ya asubuhi, na kwamba akishakunywa chai hamwachi mtu. Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa kuwahi, na akikusalimia ulibaki huna hakika kama umeamkiwa au umekaripiwa. Kazi zake zilikuwa kusuka mikeka ya ukindu na kulima mpunga. Mikeka ilimpa sukari na sabuni, lakini mpunga ndio uliompa kiburi. Bonde lake aliachiwa na mama yake, naye mama aliachiwa na bibi, na kwa watu wa kule mwanamke mwenye bonde hasemeshwi ovyo. Asiye nalo huambiwa anakula kwa macho.

Bonde hilo lilikuwa na jirani mbaya. Juu yake, kwenye mteremko unaopanda kwenda barabarani, serikali ilikuwa imejenga kiwanda cha nguzo. Magogo yalisukumwa ndani ya tangi refu la chuma, yakanyweshwa dawa, yakatoka ya kijani, na mchwa akiyaona anapita mbali. Bwanaheri, mumewe Semeni, alifanya kazi pale tangu mashine zikiwa na harufu ya rangi mpya, na kwa miaka yote hiyo mikono yake ilikuwa kijani mpaka viwikoni.

"Hajambo mume wako kasuku?" Biasha, jirani wa mlango kwa mlango, alikuwa akimuuliza.

"Hajambo. Heri kasuku, nikimfundisha anasema. Wako kunguru, anakula na kuruka."

Kisha ikaja enzi ya ruksa, kila mtu auze atakacho. Mitumba ikamwagika masokoni, maduka yakajaa sabuni za kila rangi, na mashirika ya umma yakaanza kufungwa moja baada ya jingine. Kiwanda cha nguzo nacho kikafungwa. Waliopoteza ajira wakalia, kisha wakaenda usiku kung'oa mabati. Mapipa ya dawa yakabaki yamesimama uani, yakala kutu, yakatoboka, na udongo pale ukawa wa kijani kama ukoga wa mtungi, ila hapakuota hata magugu. Mbuzi wa mwenyekiti Khamisi waliingia kulambalamba, wakatoka wamebebwa.

Baadaye akapatikana mnunuzi, tajiri wa Dar aliyetaka yadi ya malori ya korosho. Tajiri akasema hanunui sumu, isafishwe kwanza. Ndipo wizara ikamleta Sadala.

Sadala alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye miwani, na hakuachana na bomba la plastiki alilotia michoro yake. Watu walimwita Bwana Mpango, kwa sababu kila alipokuja alikuwa na mwingine. Mpango wa kwanza ulisema udongo wote wa kijani uchotwe, utiwe kwenye mapipa, upakiwe melini, ukachomwe Ulaya.

"Wanetu wananyimwa viza," Semeni alisema, "udongo unapata."

Fedha za meli hazikupatikana. Mpango wa pili ukasema lichimbwe shimo palepale juu, karibu na barabara, lijengwe kwa zege chini na pembeni, udongo ufukiwe humo. Huo kila mtu aliuona una akili. Kisha zikapita mvua na jua, na Sadala akarudi na mpango wa tatu. Mkutano ukafanywa darasani, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Sadala akaubandika mchoro ubaoni, akaweka kidole.

Kidole kilikuwa kichwani mwa bonde la Semeni.

"Shimo limeshuka," mwenyekiti Khamisi alisema taratibu.

"Limeshuka kidogo," Sadala akajibu. "Kule juu pana matumizi mengine. Msiwe na wasiwasi lakini. Huku kwetu tuna desturi ya kufahamiana, basi nitawaeleza kwa lugha ya nyumbani. Huyu tunamzika kama maiti. Tunachimba kaburi, tunatandika udongo wa mfinyanzi, tunamvisha sanda ya nailoni nene, tunafukia. Maiti hafufuki."

Semeni alikuwa dawati la nyuma. Alijua maji yote ya bonde huanzia pale pale kidole kilipo, na mtu hahitaji shule kujua kwamba kinachowekwa juu hushuka chini. Lakini aliposimama, sauti yake ilikuwa tamu kama ya mtu anayeulizia bei ya vitunguu.

"Bwana Sadala, mwenye maiti ni nani?"

"Serikali, mama. Na mimi ndiye niliyetumwa, basi sema ni mimi."

"Nimesikia. Na wewe mwenzetu wa wapi?"

"Liwale. Mimi Mngindo."

Darasa zima likacheka. Sadala naye akacheka, masikini, akidhani wamempenda. Mngindo mzima, mwenye miwani, amesimama mbele ya Wandengereko akatangaza msiba. Wangindo na Wandengereko ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakutukana mchana kweupe na aliyekasirika ndiye mwenye aibu. Na ukifiwa, kaburi halifungwi mpaka watani wako wapewe haki yao. Mtani anaweza kukalia jeneza, anaweza kuficha majembe, anaweza kushuka kaburini akalala, na hakuna wa kumtoa kwa nguvu. Sadala aliyajua hayo yote tangu utotoni. Alisahau tu kwamba ameyavaa.

Nyumbani Bwanaheri alimwona mkewe akichagua mkeka.

"Semeni, usijitie kwenye mambo ya serikali."

"Sijitii kwenye mambo ya serikali. Najitia kaburini."

"Na wakikupeleka polisi Utete?"

"Watanipeleka kwa kosa gani, kulala? Basi wewe wangekufunga zamani."

Bwanaheri akauinua mto kitandani. Akasema, "Chukua na mto," naye Semeni akajua yu upande wake.

Shimo lilichimbwa kama mchoro ulivyotaka. Wachimbaji walikuwa vijana wa palepale, Wandengereko na Wamatumbi, na msimamizi wao alikuwa Dulla, kijana mwenye kifua cha ngoma na kicheko kisichojua adabu. Asubuhi ya kufukia, lori likasimama na shehena ya kwanza, Sadala akasogea ukingoni na bomba lake chini ya kwapa. Ndani ya shimo, juu ya sanda ya nailoni, palitandikwa mkeka wa ukindu wa rangi ya zambarau, na juu ya mkeka alilala Semeni, kichwa kwenye mto, mguu juu ya mguu.

"Bi Semeni," Sadala alisema, "unafanya nini humo?"

"Namsubiri mfiwa."

"Toka, mama, tunataka kufukia."

"Mfukie nani na watani hatujapewa haki yetu? Kwenu Liwale mnazika hivi, kama mnafukia muhogo? Au huko mmezoea kuzikwa na nyuki, mkifuata asali mtini hamrudi?"

Dulla akaiweka sepetu chini. Mmoja mmoja na wenzake wakaweka. Dereva wa lori akazima injini, akateremka kusikiliza vizuri.

Sadala alizitazama sepetu, akamtazama mwanamke shimoni, na mtu aliyekuwa karibu angeona miwani ikipanda kwa tabasamu alilokuwa akilizuia. Akaingiza mkono mfukoni.

"Haya mtani. Hii ya sabuni. Toka."

"Sabuni ninayo. Na wewe ndiye unayeihitaji, shati lako limesahau rangi yake."

"Nitakununulia kanga."

"Nikaivae wapi, kwenye bonde lenye maiti kichwani?"

"Nyie Wandengereko mmeanza lini kulala chini? Si mmezoea kulala juu ya dungu la kulindia mpunga kama kuku wanaoogopa mwewe?"

Vijana wakapiga kelele za furaha, maana mfiwa alikuwa amejibu, na mfiwa akijibu desturi imekubaliwa. Semeni mwenyewe alicheka mpaka mto ukateleza. Lakini hakuamka.

"Sema basi unachotaka," Sadala akasema.

"Kaburi lihame."

"Mtani haombi kaburi lihame. Anaomba jogoo."

"Mtani anaomba alichokosa. Jogoo ninaye. Bonde ninalo moja."

Hapo utani ukapoa kidogo, kama uji ulioondolewa jikoni. Sadala alikaa ukingoni, miguu yake mirefu ikaning'inia shimoni, akautoa mchoro akaukunjua magotini. Kisha akasema kwa sauti ya chini, si ya mkutano, "Mpango wa pili ulikuwa mzuri. Mimi niliuandika. Mnunuzi hakutaka shimo kwenye yadi yake, akasema malori yatageuzia wapi. Nikaambiwa nilishushe."

"Kumbe mwenye maiti si wewe."

"Mimi mbeba jeneza tu, mtani."

"Basi mpelekee mwenye maiti salamu. Mwambie Mndengereko amelala kaburini na ana mto."

Sadala alikuna kidevu. "Zege," akasema, kama anaongea na mchoro. "Mfuniko wa zege nene, wa kubeba lori. Ageuzie malori yake juu ya shimo." Akatoa kalamu hapohapo, akachora akitumia bomba kama meza. Alipomaliza akamwinamia Semeni. "Lakini na mimi nina langu. Nikilihamisha, nitapima udongo wa bonde lako. Nitakachokikuta, tutakifuata wote wawili. Hilo si la utani."

"Pima," Semeni akasema. Alikuwa ameshinda, na mtu aliyeshinda hukubali lolote. Akakunja mkeka, akampa Dulla mkono amvute.

Tajiri wa Dar alipiga simu, akaja mwenyewe na gari lake jeupe, akasema anajitoa. Sadala akamwambia hakuna mtu Bungu wala Kibiti atakayetia sepetu kwenye lile shimo la chini, na kama ana wafukiaji wake awalete, ila wasiwe na watani. Tajiri alihesabu faida ya korosho, akaukubali mpango wa nne. Shimo la zege likajengwa juu, udongo wa kijani ukaingia, mfuniko ukawekwa, na malori yakaanza kugeuzia juu yake. La bondeni likafukiwa kwa udongo msafi.

Majibu ya mkemia yakafika kutoka Dar. Sadala aliyaleta mwenyewe, na safari hiyo hakuwa na bomba. Alikuwa na vigingi.

Sumu ilikuwa imeshatangulia. Mvua za miaka ile mapipa yalipotoboka zilikuwa zimeishusha taratibu mpaka kwenye ngwe za juu za bonde, zile nzuri, zinazopata maji kwanza. Mpunga ulikuwa umeshaota humo, kijani kibichi, umemfika Semeni magotini. Sadala alipiga vigingi vyake kukata bonde, akasema kuanzia hapa kwenda juu usilimwe, na kilichopo king'olewe. Kuanzia hapa kwenda chini, mpunga hauna neno.

Semeni alimtazama Bwanaheri, Bwanaheri akatazama mikono yake. Semeni alitafuta tusi. Alikuwa na mengi ya akiba, lakini hakuna lililotosha. Akajifunga kanga kiunoni, akaingia ngwe za juu, akaanza kung'oa. Biasha alimwona kutoka njiani, akaja bila kuitwa, akainama naye. Hawakuongea mpaka walipomaliza, na kwa wanawake wale wawili hilo lilisimuliwa zaidi ya habari ya shimo.

Lakini vigingi vina mdomo. Habari ilifika Kibiti kabla ya wiki kuisha: mpunga wa Semeni una sumu. Hakuna aliyesema ngwe za juu. Walisema wa Semeni. Alipovuna ngwe za chini, akakoboa, akapika wali kwa samaki, ukanukia mpaka njiani, na wageni wakawa ghafla wameshashiba. Mwenyekiti Khamisi alisema ana kiungulia. Hata Biasha, aliyeng'oa naye, alisema ataonja kesho.

"Kesho gani?" Semeni akauliza. "Ya kiama?"

Alikaa na sinia lake barazani, watu wamejaa uani wakijifanya wanaongea mengine. Bonde aliliokoa, na sasa alikuwa nalo kama mtu mwenye ng'ombe asiyekamuliwa. Wakati huo gari la wizara likasimama njiani. Sadala alikuwa amekuja kukagua mfuniko wa zege. Alisikia harufu, akaingia uani bila hodi, kama mtani.

"Mnakula bila mimi?"

"Hatuli," Semeni akasema. "Wanasubiri nife kwanza."

Sadala aliwatazama waliokuwapo, akauelewa ua mzima kwa mara moja. Akavua viatu, akanawa mikono, akakaa mkekani, akalivuta sinia. Alikula kwa mkono, matonge makubwa yasiyo ya ofisini, akasifu samaki, akalaumu chumvi. Watu walihesabu matonge. Dulla alikuwa wa kwanza kushindwa, akanawa, akaketi kando yake. Kisha mwenyekiti, kiungulia kimepona. Kisha Biasha, ambaye kesho yake ilikuwa imewahi kufika.

Sinia likawa jeupe. Sadala akalamba vidole, akaangalia jikoni.

"Mtani, na ukoko?"

"Ukoko wa watoto."

"Nimekula sumu yako mbele za watu, unaninyima ukoko?"

Semeni alisimama akauleta na sufuria yake, akauweka mbele yake kwa kishindo. "Kula," akasema. "Wangindo mna njaa za kale. Na ukimaliza uisugue hiyo sufuria, usidhani hapa wizarani."

Sadala akaukwangua ukoko mpaka sufuria ikalia. Semeni akageuka kuwauliza wengine nani anataka mchele wa kubeba, na waseme upesi, hana siku nzima.