Kibuyu Kilichoning'inia Juu ya Mafiga

Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji naikwepa mpaka leo, mtu mzima mimi, bibi shamba ninayezunguka vijiji vya Kasulu kwa pikipiki kuwaeleza wakulima mambo ya kilimo. Palizi naieleza vizuri. Matandazo nayo, kwamba ni nyasi kavu unazofunikia udongo usikauke. Kupunguza miche, yaani kung'oa ile iliyosongamana ili inayobaki inenepe, hapo hata utani natia. Nikifika kwenye mbegu, naharakisha.

Maneno hayo nilifundishwa na mama kule Muyama nikiwa na miaka tisa, nikilima kwa jembe lake la zamani lililolika mpaka likawa saizi yangu. Mama alikuwa mkali shambani, jamani! Ukikata mche ukaacha gugu, anakuita jina lako lote, na la ubatizo juu. "Unapalilia au unachinja?" Maharage yake yalikuwa meupe, yenye doa jekundu kwenye kitovu, na hapakuwa na mwingine pale kijijini aliyekuwa nayo. Bibi, mama yake, alimfungia kwenye kanga siku alipotoka kwao Munanila kuolewa. Kila mavuno mama alichagua punje nzuri, akazichanganya na majivu zisitobolewe na wadudu, akazitia kwenye kibuyu na kukining'iniza juu ya mafiga. Kila kitu alinieleza, ila kibuyu kile hakukieleza. Labda aliona hakihitaji maelezo.

Mwaka ule, mvua zikiwa zimekaribia, mama akashikwa na homa. Baba alikuwa Kibondo kwenye vibarua, bibi alishafariki. Ndani tulikuwa na unga wa muhogo na matembele, basi. Siku tatu mama alisukuma sahani. Siku ya tatu akasema, macho amefumba, kwamba labda maharage yangempita kooni. Niliogopa atakufa, na hofu ya mtoto haina subira. Nikapanda kigoda, nikashusha kibuyu, nikamwaga maharage yote kwenye beseni na kuyaosha majivu mara tatu, nne, mpaka maji yakatakata. Nikayachemsha, nikaunga kwa mawese. Loh, nilivyojiona mpishi!

Mama alikula vijiko viwili, cha tatu akakisogeza karibu na macho. Ndani ya mawese yale doa jekundu lilikuwa bado linaonekana.

"Umeyatoa wapi, mwanangu?"

"Kwenye kibuyu, mama."

"Yote?"

"Yote."

Nilisubiri kipigo. Mama akaniambia nimletee chumvi. Akala akamaliza sahani nzima, machozi yakimtiririka, na mimi mjinga nikafurahi kwamba amepata hamu ya kula.

Alipona. Mvua ziliponyesha alitembea kwa miguu hadi Munanila kuulizia mbegu ile kwa kila aliyemfahamu bibi. Shamba la bibi lilikuwa limeshauzwa, limejaa mihogo. Alirudi mikono mitupu, tukapanda maharage ya sokoni kama watu wengine, na siku ile ndipo nilipoelewa nilichokipika. Hakunilaumu hata mara moja. Heri angenichapa.

Siku hizi wakulima wangu hununua mbegu kwenye pakiti, zimepakwa dawa ya rangi ya waridi, na mtoto hata awe na njaa vipi hawezi kudhani ni chakula. Ni jambo zuri, nami nalihimiza kwa moyo wote. Ila nikipita sokoni siwezi kujizuia kutia mkono kwenye magunia ya maharage, nikigeuza punje hadi wenye mali waniulize nanunua au nacheza. Mwaka juzi mama aliugua mara ya mwisho. Nilimpikia maharage kwa mawese, nikamlisha mwenyewe. Akatafuna polepole, akanitazama, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Haya maharage, tumebakiza ya kupanda?"

Nikamwambia yapo, mama, kibuyu kimejaa.