Ukutani kwa Mama Wilkista

Sebuleni kwa Mama Wilkista, kule Bumula, picha za familia zimetundikwa juu kabisa, karibu na mabati, na mgeni huzitazama mpaka shingo imuume. Hata mbuzi aliyeshinda zawadi kwenye maonyesho ya kilimo yupo. Ivy, aliyeletwa kulelewa hapo miaka miwili iliyopita, hakuwepo, na kila akila chakula macho yake yalipanda huko.

Jumamosi moja alirudi kutoka Kitale, ambako mwalimu Jaswinder huwafundisha vijana kama yeye kupiga picha. Alikuwa ameazimwa kamera apige picha ya nyumbani.

“Ngoja nivae,” alisema Mama Wilkista. Akatoka na gauni la kanisa, akasimama uani wima kama askari wa gwaride.

“Mama, si ucheke kidogo.”

“Nicheke nini na hakuna kitu umesema? Na wewe utakuwa wapi?”

“Mimi ndiye mpiga picha.”

“Ati mpiga picha. Leta hiyo kitu. Simama hapo na kuku.”

Mama Wilkista akaishika kamera, akafumba jicho moja, akafumba na la pili, akabonyeza.

Jaswinder alipoisafisha picha hiyo alicheka mpaka akavua miwani. Kuku alikuwa mzima. Ivy alianzia mabegani kwenda chini.

“Mama, turudie,” Ivy aliomba alipoileta nyumbani.

“Ya nini?” Mama Wilkista alikuwa tayari juu ya meza, nyundo mkononi. “Hapa kwetu nani hajui hizo miguu?”

Akaitundika juu kidogo ya mbuzi.