Nyumba Iliyopambwa kwa Ajili Yangu

Sijawahi kuchukia karatasi kama nilivyoichukia ile fishi, fomu ya Serikali ya kuorodhesha nyumba. Kurasa tatu, zilizotungwa huko Kindu, kwenye ofisi za jimbo, na mtu ambaye nadhani hajawahi kuona nyumba ya udongo ikinyeshewa, na mimi, mwalimu wa historia, nikapewa kazi ya kuzijaza kwa kila nyumba ya kale ya hapa Kasongo. Swali la nne ndilo lililonichosha: je, nyumba iko katika hali yake ya asili? Ukijibu hapana, haiingii kwenye orodha ya nyumba za kulindwa. Wiki mbili nzima nilikuwa naandika hapana. Hapa wamebomoa baraza wakajenga duka, pale ukuta umelala chini na mihogo imeota juu yake.

Ilibaki nyumba moja tu niliyoitegemea. Nilikuwa nimeiona mwezi uliotangulia, nikiwa napita tu, na simu haina chaji hata ya kupiga picha: kuta nene za udongo, baraza refu, na mlango wa mbao uliochongwa maua na fundi aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa. Mwenye nyumba, mzee anayeuza vitambaa sokoni, alinipa chai akanieleza shida yake. Watoto wa marehemu ndugu yake walitaka kuiuza kwa mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila, ambaye angeibomoa ajenge ghorofa. Nyumba ni ya urithi, yeye peke yake hawezi kuwazuia. Ila ikiingia kwenye orodha, hakuna wa kuiuza. Aliniomba nisichelewe.

Huku kwetu mtu haingii nyumba ya watu ghafla. Basi nikamwandikia barua ya heshima kwamba nitafika Jumatano.

Jumatano nilipofika kwenye kona nilidhani nimepotea njia. Kuta zilikuwa zimepigwa lipu ya saruji toka chini hadi juu, zikapakwa rangi ya kijani inayong'aa. Penye ule mlango wa maua sasa palikuwa na mlango wa chuma. Mzee alikuwa barazani, kanzu imepigwa pasi, anatabasamu. Pembeni yake alikaa mtoto mkubwa wa yule ndugu yake, mfanyabiashara wa pikipiki na mafuta.

“Karibu, mwalimu,” alisema mzee. “Mugeni njoo, mwenyeji apone.”

Nilitaka kupiga kelele. Lakini pilau lilikuwa limekwisha pakuliwa, na kukataa chakula cha mtu ni tusi, kwa hiyo nilikula kwanza. Baada ya kunawa ndipo nikauliza mlango wa zamani uko wapi. Akanijibu bila wasiwasi kwamba mchwa walikuwa wameula huku chini, ulikuwa unamtia aibu, na akina mama waliupasua kuni asubuhi ile. Pilau nililokula lilikuwa limepikwa kwa mlango ule.

Nilimuuliza kwa nini, na sauti yangu ilipanda kuliko inavyofaa mbele ya mkubwa.

“Sasa mwalimu, Serikali inakuja kuangalia nyumba yangu, iikute na buchafu? Ni mutu gani ataandika nyumba yenye kupasuka? Nilitaka ipite.”

Hapo hasira ikanigeukia mimi mwenyewe. Nilikunywa chai ya mzee huyu, nikasikiliza shida yake yote, na sikumwambia neno moja dogo: usiguse kitu. Niliona ni jambo ambalo kila mtu analijua. Kumbe linajulikana kwa sisi wenye fishi tu.

Nilipomweleza, aliingia uani akarudi na jembe, akaanza kuukwangua ukuta mwenyewe, na kanzu yake ile ile. Saruji ilibanduka pamoja na udongo, vipande vikubwa, mpaka pakabaki shimo la kuingiza mkono. Nikamshika nikamwomba aache. Maji yalikuwa yamekwisha mwagika.

Nilikaa na kalamu juu ya swali la nne kwa muda mrefu. Ningedanganya, Mungu anajua, lakini fishi huenda pamoja na picha. Nikaandika hapana. Mzee akatia sahihi kama mkubwa wa familia, vidole vikiwa na vumbi la ukuta.

Ndipo yule mtoto wa ndugu yake alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza.

“Mwalimu, familia iko na haki ya kopi, sivyo?”

Ndivyo. Nakala moja kwa Serikali, nyingine kwa familia. Nikampa karatasi yenye muhuri, inayosema kwamba nyumba hii si ya kulindwa. Akaikunja vizuri, akaitia mfuko wa shati, akamuaga baba yake mkubwa kwa adabu zote, akawasha pikipiki akashika njia ya Salamabila.