Kaseti Niliyoirudisha Mara Tatu

Kosa langu la kwanza katika muziki lilikuwa kuirudisha dukani kaseti nzima, mara tatu, nikidai ni mbovu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nililikumbuka Jumamosi iliyopita nilipopita mtaa wa Tooting, hapa Uingereza, na kukuta lile duka limekuwa la kinyozi. Nikasimama nje kama mjinga, mfuko wa mihogo mkononi.

Mwenye duka alikuwa Mhindi mzaliwa wa Dar es Salaam. Aliuza santuri kuukuu, kaseti na kadi za simu, na harufu ya bizari kutoka duka la pili ilikuwa imeingia hadi kwenye majalada. Kaseti ile niliipendea picha: msitu, theluji, herufi zisizosomeka. Nyumbani nikasikia mvumo kama wa friji, na nyuma yake mtu anapiga mayowe. Mimi, usinicheke, ni mtu ambaye daftari likiingia doa nalianza upya. Nikairudisha. Akanipa nyingine ya aina ileile, nayo nikairudisha. Mara ya tatu akavua miwani.

"Kijana, haina ubovu. Hawa wamefanya makusudi."

Akanieleza huku akifuta santuri kwa kitambaa. Muziki huu unaitwa black metal, alisema, na ulianzia hapahapa Uingereza, kwa vijana waliopiga metali, yaani roki nzito, kwa kasi na kumwimba shetani ili kutisha watu. Vijana wa Norway wakalichukua jambo hilo kwa dhati. Walijipaka nyuso nyeupe na macho meusi, wakatafuta maikrofoni mbovu kuliko zote, maana studio safi waliziona za uongo. Baadhi yao walichoma makanisa, na wapo waliofikia kuua. Hakunificha. Baadaye wengine waliuacha ushetani, wakaingiza nyimbo za kale za kwao, wakaurefusha muziki na kuupoza, hadi ukafika kwa watu wasioijua theluji.

"Sasa unataka ya nne?" akauliza.

Nikabaki nayo, na nikanunua nyingine. Shida ilikuwa mahali pa kusikilizia. Mama alikuwa na shifti za jioni kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo baada ya shule nilikaa kwa jirani yetu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mfanya usafi, mtu wa kanisani siku tatu kwa wiki. Alitwanga mwenyewe sombe, kisamvu cha kwao, akanunua iliyogandishwa pale tu mgongo ulipomuuma. Nilikula mezani kwake na spika za masikioni chini ya kofia, huku nikiwaza. Ananilisha mtu wa kanisa, nami sijui kama hawa ninaowasikiliza ndio waliochoma. Akijua atanifungia mlango, na mama atalazimika kuacha kazi. Wiki mbili nililala vibaya. Kisha nikamwambia yote kwa pumzi moja.

"Ni weye ulichoma?"

"Hapana, mama."

"Basi kula."

Baadaye akanyoosha mkono, akachukua spika moja, akasikiliza huku akitafuna. "Huyu mutu, nani anamufukuza?" Nikacheka, yeye hakucheka. "Wale benye walichoma, sitaki sauti yao mu nyumba yangu. Bengine, uniambie ni banani."

Kazi hiyo ilinifaa kuliko somo lolote la shule. Nilijifunza mwenyewe, bendi moja baada ya nyingine, nani alifanya nini, nikimsumbua mzee wa duka kwa maswali. Kila alasiri nilimsomea jirani jina, naye alikubali au kukataa kwa kutikisa mwiko, bila kugeuka kutoka jikoni. Kaseti mbili zilikataliwa. Moja nilikuwa naipenda sana, na mpaka leo sijaicheza. Mama yangu alipojua aliniuliza swali moja tu: "Umeshasali?"

Mzee wa duka amefariki. Jirani alihamia Leeds, na jikoni kwake sasa kuna wapangaji wanne wasiosalimiana. Muziki wenyewe unapatikana kwa kugusa kioo cha simu, na hakuna anayeushika mkononi na kuuliza umetoka kwa nani.

Bado naanza daftari upya kwa sababu ya doa, na wenzangu katika bendi ninayopiga sasa wananilalamikia kwa hilo. Ila zamani nilisikiliza kwa kujificha. Siku hizi kila anayekula mezani kwangu anajua ninachosikiliza, na nisichokisikiliza, na nikiulizwa sababu naieleza.