Viatu vya Kipaimara na Barua Yenye Haraka

Nina miguu mikubwa. Naandika hapa kwa sababu shuleni siwezi kusema. Viatu vya kike vya namba arobaini na tatu sijawahi kuviona sokoni, na kipaimara changu kilikuwa kimebakiza wiki mbili, kwa hiyo mama aliniagizia kwenye duka la mtandaoni la Dar es Salaam. Vyeusi, kisigino kifupi. Kila siku nilikuwa naomba simu yake niviangalie kwenye picha.

Jumatano mama alirudi kutoka kazini Mtumba, kwenye ofisi za serikali hapa Dodoma, akakaa kwenye kochi na mkoba bado begani, akafungua barua pepe.

"Mzigo wako umezuiliwa," akasoma. "Wanasema walifika nyumbani wakakuta hakuna mtu. Nithibitishe anwani na kadi ya benki ndani ya saa ishirini na nne, la sivyo unarudi Dar."

Kusema kweli, kwa dakika nzima nilitaka ajaze haraka.

Na mama alikuwa anajaza. Yeye ni katibu muhtasi wizarani. Kwao barua ikiingia leo inajibiwa leo, na iliyogongwa muhuri wa HARAKA inajibiwa kabla ya chai. Hata ujumbe wa kikundi cha jumuiya anaujibu mikono ikiwa na unga. Fomu ilishafunguka, na alishaandika jina na nusu ya namba za kadi.

Lakini lile la kufika nyumbani likanisumbua. Kwetu Area D hakuna mzigo uliowahi kufika mlangoni. Mzigo wa Dar unapanda basi, mtu wa ofisi ya mizigo anapiga simu, unakwenda stendi na kitambulisho. Nyumba yetu yenyewe tunaielekeza kwa geti la bluu na mashine ya kusaga. Hao wameijuaje?

"Mama, subiri," nikasema. Hakusikia. Sauti yangu ndivyo ilivyo. Nikamshika mkono.

"Una nini? Viatu huvitaki?"

"Navitaka. Ila mzigo huwa hauji nyumbani. Na duka lile huwa linakuandikia kwa jina lako, hawa wameandika Mpendwa Mteja."

Nikamwonyesha anwani ya mtumaji. Baada ya jina la duka kulikuwa na mkia mrefu wa herufi na tarakimu. Mama akavaa miwani.

"Ofisini tukiitilia shaka barua, hatupigi namba iliyomo humo," akasema. "Tunapiga iliyo kwenye jalada. Leta risiti ya viatu, namba ya duka iko pale. Upige wewe, maana leo umepata sauti."

Kumpigia mtu nisiyemjua, bora nifagie shule nzima. Nikapiga. Akapokea mama mmoja.

"Shikamoo. Naulizia viatu vyeusi. Tumeandikiwa kwamba mmevileta nyumbani Dodoma mkatukosa."

"Marahaba. Namba ngapi, mwanangu?"

Nikaangalia ukuta. "Arobaini na tatu."

"Hivyo viko hapa mezani, vinapanda basi kesho. Nani kakwambia tumeshafika Dodoma?"

Nikampa mama simu asikie mwenyewe. Alipokata, akafuta alichoandika, tarakimu moja moja, ingawa nilimwambia kufunga ukurasa kunatosha. Kisha akaipigia benki yake kuwaeleza, kwa ile sauti yake ya ofisini.

Ijumaa simu ikaita. "Njoo stendi na kitambulisho." Tulikwenda sote wawili.

Vinanibana kidogo kwenye kidole gumba. Mama sijamwambia.