Sista wa Mwisho Pale Uriri

Nilipokuwa mwanafunzi, kupata nafasi katika shule yetu ya misheni, nje kidogo ya Uriri, lilikuwa jambo la kuchinjiwa kuku. Watoto walitoka Kehancha, Homa Bay, hata visiwa vya ziwani, na masanduku yao ya bati. Mama yangu hakuwa Mkatoliki, lakini aliniambia, "Rozari utasali, bora usome."

Mkuu wa shule alikuwa sista Mjaluo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Nilipofeli hesabu kidato cha pili, aliniita kila jioni kwa muhula mzima, tukapiga hesabu mpaka kengele ya chakula. Ndiye aliyenifanya niwe mwalimu.

Nilirudi kufundisha palepale, chini yake, nikaishuhudia shule ikipungua. Masista wazee walifariki mmoja mmoja, na wasichana waliotaka utawa wakawa wachache. Shule za kutwa za serikali zikafunguliwa karibu na kila soko. Akademia, zile shule za watu binafsi, nazo zikaja na mabasi yao. Tukafunga bweni moja, halafu la pili.

Mwaka jana shirika lake lilimwita Sista akapumzike. Asubuhi ya kuondoka aliniomba tupite madarasani. Katika darasa moja lisilotumika tena alipangusa vumbi kwa kiganja, akaketi kwenye dawati.

"Mwalimu, binti yako yuko kidato gani sasa?"

"Cha pili, Sista."

"Wapi?"

Nikataja akademia moja ya Migori mjini. Nilikuwa nimelikwepa swali hilo tangu binti yangu aanze kidato cha kwanza.

"Wanamfundisha vizuri?"

"Vizuri."

"Basi ni sawa. Ila ningalipenda kusikia hilo kwako mapema. Nilikuwa nimemwekea nafasi."

Nilimwomba msamaha, macho yangu sakafuni. Alinipa mkono, nikamsaidia kuinuka, maana magoti yalikuwa yanamsumbua. Gari la parokia lilipokuja, wanafunzi waliobaki walimwimbia, na sauti zao hazikufika hata getini.

Bado nafundisha pale, chini ya mkuu mpya. Ni mtu mwema, ingawa si mtawa. Binti yangu yuko kulekule Migori.

Pasaka iliyopita nilimpigia Sista simu. Aliuliza wamebaki wanafunzi wangapi, nikamwambia. Kisha akauliza kama mvua imeshanyesha Uriri.